Kichupa Kilichotoka Nyumba ya Mke Mdogo

Homa Bay, Alhamisi, Aprili 1997

Mvua imenyesha tangu asubuhi. Sasa imebaki ile ya kudondoka tu kwenye bati, na upande wa ziwa hauonekani. Viatu vyangu viko mlangoni, vimebeba udongo mweusi mzito kuliko vyenyewe. Sina nguvu ya kuvisafisha.

Nimechoka, lakini si miguu.

Nataka kuandika mambo ya wiki hii kwa mpangilio, kwa sababu kesho asubuhi nina jambo la kufanya na naogopa nisipoyaandika nitapata njia ya kulikwepa. Mimi ni hodari wa kukwepa. Watu huona ni utulivu.

Kazi yangu ni ukarani katika mradi wa utafiti. Niliajiriwa Migori, nikaletwa huku Homa Bay kwenye kliniki ya wajawazito, na kila Jumatano narudi ofisi ya Migori kupeleka makaratasi. Utafiti wenyewe ni huu: mama mwenye virusi vya Ukimwi akipewa vidonge wiki za mwisho za mimba, je, mtoto atazaliwa salama? Wamama wengine wanapata dawa. Wengine wanapata vidonge vinavyofanana na dawa kwa rangi na umbo, ila ndani ni unga mtupu. Nani amepata kipi hakuna ajuaye, si mama, si Sista, muuguzi anayesimamia kliniki, si daktari. Majibu yamefungwa Nairobi hadi mwisho. Wanasema bila hivyo hatutajua kama dawa inafanya kazi au ni bahati tu.

Naielewa hoja hiyo. Nilisoma, nilipita mitihani, naweza kuieleza vizuri kabisa. Lakini nikiwa mbele ya mama ambaye tumbo lake linacheza chini ya kanga, maneno hukauka mdomoni.

Sasa kuhusu wale wake wawili. Sitaandika majina yao hata hapa. Nitawaita Mke Mkubwa na Mke Mdogo.

Ni wake wa mume mmoja, boma moja, nje kidogo ya barabara ya kwenda Rongo. Mume yuko migodini upande wa Tanzania na hajui lolote. Wote wawili ni wajawazito, na wote wawili walipimwa kwetu wakakutwa na virusi. Siku waliyogunduana ilikuwa siku ya kliniki. Kila mmoja alikuwa amemwambia mwenzake nyumbani kwamba anaenda kuuza njugu sokoni. Wakakutana kwenye benchi letu bila njugu hata moja. Walitazamana, kisha Mke Mkubwa akaanza kucheka mpaka akashika mbavu. Mke Mdogo akalia. Tangu siku hiyo walikuwa wakija pamoja.

Mke Mkubwa aliingizwa kwenye utafiti. Mke Mdogo alikataliwa. Damu yake ilikuwa imepungua, na vidonge hivi, kama ni vya dawa kweli, vinaweza kuipunguza zaidi. Sista alimweleza kwa Dholuo, lugha yao, polepole, akampa vidonge vyekundu vya kuongeza damu, akamwambia ale mboga na dagaa wa omena na aache kutafuna odowa, yale mawe laini ya udongo ambayo wajawazito wa huku huyatamani kuliko chakula. Mke Mdogo aliitikia "ee" kwa kila sentensi.

Mimi nilikuwa pembeni na kalamu. Niliona kwamba hasikii kitu. Mtu aliyekwisha kusikia neno "hapana" hasikii linalofuata.

Jumanne nilikwenda kuwatembelea nyumbani. Ndiyo kazi yetu: kuuliza kama vidonge vinamezwa, kuvihesabu vilivyobaki, kuandika. Gari la mradi tunaliacha kwenye kinu cha kusagia mahindi, na nusu ya njia natembea, kwa sababu watu wamejifunza kwamba gari hilo likisimama langoni mwa mtu, mwenye nyumba anaanza kuhurumiwa kabla hajaugua.

Niliwakuta uani wanabangua njugu kwenye ungo mmoja. Mimi ni Mkuria wa Kegonga, na kwa hilo hawajawahi kuniacha nipumue.

"Nyar Kuria!" Mke Mkubwa aliniita, yaani binti wa Wakuria. "Bado hujaolewa tu?"

"Bado, mama."

"Utaolewa na nani? Kwenu mnaitisha ng'ombe mingi mpaka zizi la bwana harusi linabaki na mavi peke yake."

Nilicheka. Nilikaa, nikabangua na wao. Niliuliza maswali yangu yote, yakajibiwa vizuri. Kisha nikaomba kuona kichupa cha vidonge vya Mke Mkubwa.

Mke Mdogo ndiye aliyeinuka.

Aliinuka akishika nguzo. Akavuka ua, akaipita nyumba ya Mke Mkubwa iliyotazama lango, akaelekea nyumba yake mwenyewe, ile ndogo ya kuliani. Katikati ya safari hiyo fupi alisimama, akaegemea ghala la mahindi kama bibi kizee anayepanda mlima, akapumua, akaendelea. Akarudi na kichupa.

Wajaluo na Wakuria wanabishana juu ya mambo mengi lakini si hili. Nyumba ya mke ni nyumba ya mke. Kwetu Kegonga hata chumvi ya bibi yangu haikuvuka ua kwenda kwa mke mwenzake bila kuombwa na kushukuriwa. Ndiyo maana Wajaluo humwita mke mwenza nyieka, na ndani ya jina hilo kuna wivu. Dawa ya mke mkubwa haiwezi kulala nyumba ya mke mdogo. Haiwezi, ila kama imekuwa dawa ya wote wawili.

Nilihesabu vidonge. Hesabu ilikuwa sawasawa. Hesabu yao huwa sawasawa daima, na Sista alikwisha kuwasifu kwa hilo.

Niliuliza polepole, "Mama, mnakunywa pamoja?"

Njugu zikaacha kulia kwenye ungo.

Mke Mkubwa hakukana. Alinitazama kama mwalimu anayesubiri mtoto mzito afike kwenye jibu. "Cha asubuhi ni changu," akasema. "Cha jioni ni cha nyieka. Kidonge hakipotei, si unaona?"

"Lakini yeye alikatazwa."

"Alikatazwa na nani? Nyinyi wenyewe mlisema hamjui kama ni dawa au ni unga. Sasa kama ni dawa, nimeze peke yangu, mtoto wangu aishi na wake afe, halafu tuangaliane kila asubuhi kwenye ua huu? Na kama ni unga, basi tumekula unga pamoja. Hakuna aliyemdhulumu mwenzake."

Mke Mdogo alikuwa anaangalia chini. Kwenye pembe za mdomo wake kulikuwa na vumbi jeupe la odowa.

"Vile vyekundu vya damu je?" nikamuuliza.

"Ninavitapika," alisema. "Hivi vyeupe ni vizuri. Havinisumbui."

Nilikuwa na la kusema. Nilijua kabisa la kusema. Badala yake nilifunga mkoba wangu, nikashukuru kwa njugu, nikaondoka. Mke Mkubwa alinisindikiza hadi langoni. Hakuomba ninyamaze. Aliniwekea tu njugu mfukoni, zilizobanguliwa tayari, na akashikilia mkono wangu kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Jumanne hiyo sikumwambia mtu.

Nilijiambia nalinda watu wawili. Nikisema, Mke Mkubwa atafutwa kwenye utafiti, atanyang'anywa vidonge, na mtoto wake atakosa hata ile nafasi ya nusu kwa nusu. Nikinyamaza, zimebaki wiki chache tu ajifungue. Nilijiambia pia kuhusu wageni wa kukagua kazi wanaokuja karibuni, na jinsi karani ambaye makaratasi yake yana doa huwa wa kwanza kurudishwa nyumbani. Hili la pili nililiweka nyuma ya la kwanza ili lisionekane. Lakini ni shajara yangu na naliona.

Jana nilikuwa Migori. Baada ya ofisi nilipita sokoni kununua vitunguu, na pale kwa wauza viungo mama mmoja alikuwa ametandaza gunia la odowa, mafungu mafungu, meupe na ya kijivu. Msichana mjamzito alisimama akachagua kipande, akakivunja kwa meno hapo hapo, akafumba macho kwa utamu. Viganja vyake vilikuwa na rangi ya karatasi.

Nikamwona Mke Mdogo ameegemea ghala.

Nilikuwa nimefikiria juu ya watoto tu, na juu ya utafiti, na juu yangu. Sikuwa nimemfikiria yeye. Kama vidonge vile ni unga, hana hasara. Kama ni dawa, basi kila jioni tangu aanze alikuwa anameza kitu kinachokula damu ambayo hana.

Leo asubuhi nilimwambia Sista kabla hajavua koti la mvua.

Sista ni mwanamke mkubwa wa mwili, wa kanisa la Sabato, na sauti yake haipandi hata akikasirika. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Juzi."

"Na leo ni siku gani?"

 Hakungoja jibu. Alichukua mwavuli na mkoba wa vifaa akamwita dereva.

Njiani nilimuuliza kama Mke Mkubwa atafutwa. Alinitazama kwa mshangao. Akasema aliyeingia kwenye utafiti haandikwi kwa penseli. Atabaki, ataendelea na vidonge vyake, na kitakachoandikwa ni kilichotokea: kwamba aligawana. Utafiti unaowafuta watu kwa kuishi kama watu, akasema, utatupa majibu ya malaika.

Kwa hiyo hofu niliyoilinda siku mbili haikuwa na kitu ndani. Hata hiyo ilikuwa unga mtupu.

Tuliwakuta wote wawili ndani ya nyumba ya Mke Mkubwa. Mke Mdogo alikuwa amelala kwenye mkeka, miguu imevimba, anapumua kwa mdomo. Mke Mkubwa alisimama mlangoni akatuzibia.

"Mmekuja kuninyang'anya?"

"Nimekuja kumwona nyieki," Sista alisema, yaani mke mwenzio, na akampita kwa ubavu kama mtu wa nyumbani.

Alimvuta Mke Mdogo ukope wa chini. Ndani palikuwa peupe kama muhogo uliomenywa. Nilimwona Sista akifunga macho yake kidogo.

Kisha akamweleza Mke Mkubwa, naye akachuchumaa chini taratibu, mkono mdomoni. Alirudia swali moja mara nyingi, kwa Dholuo, na sikuhitaji kutafsiriwa. "Ni mimi nimemuua?" Sista alimwambia hakuna aliyekufa. Akamwambia pia, na hili nililisikia vizuri kwa sababu alilisema kwa Kiswahili akinitazama, kwamba mtu akidhuru kwa upendo kwa kukosa maelezo, kosa si la upendo.

Gari lilifika mpaka langoni. Hapakuwa na muda wa kinu.

Hospitalini daktari wa wodi alisema aongezewe damu. Alizungumza na daktari wetu kwa simu, wakajadili kama wafungue ile siri ya Nairobi wajue vidonge vilikuwa vipi. Wakaamua haina haja. Vikomeshwe, damu iongezwe. Kwa hiyo mpaka sasa sijui kama mwanamke yule amedhurika kwa dawa, au ni umaskini na odowa tu vilivyomfikisha pale, na vidonge havikuwa chochote. Huenda sitajua kwa miaka.

Kwenye jokofu ilipatikana chupa moja inayomfaa. Ilianza kuingia saa za mchana. Daktari akasema anahitaji nyingine kesho asubuhi, kwa sababu uchungu ukimwanza kabla ya hapo hataweza kumudu kutokwa na damu yoyote. Ndugu waitwe.

Ndugu waliitwa. Walikuja shemeji wawili na baiskeli moja. Wa kwanza alisema anaogopa sindano, mwanamume aliye na kovu la panga kutoka sikio hadi shingo. Wa pili alisema amekumbuka ng'ombe, atarudi. Hakurudi. Siwacheki. Hapa kila mtu anajua kwamba damu haitolewi kabla ya kupimwa virusi, na huwezi kunyoosha mkono wa kutoa bila kunyoosha wa kujua.

Dereva wetu alikubali mara moja, akapimwa, kundi lake halikufaa. Sista ana sukari. Mke Mkubwa alinyoosha mkono wake mara mbili kwa kusahau, akakumbuka virusi, akaurudisha.

Mimi ni kundi O, ambalo humfaa karibu kila mtu. Nalijua tangu darasa la biolojia kidato cha tatu, tulipochomana vidole tukicheka.

Nilisimama kwenye ukuta wa wodi nikisoma bango la kunyonyesha.

Sista hakuniuliza. Nadhani alijua. Aliyeniuliza ni Mke Mkubwa, macho yamevimba, bado na makombo ya maganda ya njugu kwenye nguo.

"Nyar Kuria," akasema, "damu ya Kikuria haiingii kwa Mjaluo? Au na yenyewe mnaidai ng'ombe?"

Alikuwa analia na anatania kwa wakati mmoja. Nikasema, "Nitakuja asubuhi, mama." Na nilipokuwa nashuka ngazi za wodi nikatambua kuwa nimesema maneno ya yule shemeji wa pili.

Sasa niandike lile nisiloandika.

Sijawahi kupimwa. Kila siku ya kliniki nakaa mbele ya wamama na kusema kwa sauti laini kwamba kujua ni bora kuliko kutojua, nawapa leso wakilia, naandika namba zao kwa mwandiko mzuri. Kisha naenda nyumbani na kutojua kwangu.

Kulikuwa na mwalimu mmoja, Rongo. Tungeoana. Baba alikuwa amekwisha kutaja ng'ombe. Tuliachana kwa sababu ndogo ambayo hata siikumbuki vizuri, na mwaka uliofuata nikasikia anaumwa, kisha nikasikia amezikwa. Sikuuliza aliugua nini. Mimi, ninayelipwa kuuliza. Nilipoona tangazo la kazi hii ya mradi nikaomba siku hiyo hiyo, na nadhani nilifikiri kwamba ukikaa karibu sana na kitu, upande wa meza wenye kalamu, hakikuoni.

Huwa najichunguza tezi za shingo kila Jumapili nikioga. Nikikohoa, nahesabu. Nikikonda kidogo nanunua mkate na Blue Band. Yote hayo badala ya sindano moja.

Leo nimejaribu tena kutafuta njia ya kukwepa. Nimewaza kwenda kwa wanafunzi wa chuo cha uuguzi niwaombe. Nimewaza kwamba huenda shemeji atarudi. Nimewaza kwamba damu yangu ikiwa mbaya, sitakuwa nimemsaidia mtu, nitakuwa nimejiumiza bure.

Wazo hilo la mwisho ndilo lililonishika, kwa sababu nikiligeuza lina jibu ndani yake. Nikienda saa nne, kwa kujivutavuta kama ninavyojijua, na damu yangu ikakataliwa, Mke Mdogo atakuwa amepoteza asubuhi yake akinisubiri mimi. Kwa hiyo siwezi kwenda nimechelewa. Lazima niwe wa kwanza mlangoni mwa maabara, ili kama sifai, Sista apate muda wa kutafuta anayefaa.

Zile njugu bado zilikuwa kwenye mfuko wa koti. Nimekula zote sasa hivi, nimesimama dirishani. Nimechemsha na mayai ya asubuhi, maana mtoa damu hatakiwi kwenda na tumbo tupu. Hilo pia huwa nawaambia watu.

Mvua imekatika. Mtaani mtu anaita watoto wake waingie ndani, jina baada ya jina.

Naogopa. Sitajifanya kwamba kuandika kumeniponya hofu. Ninachojiuliza ni kimoja tu: kesho yule mtu wa maabara akianza kunieleza majibu yangu, nitamsikiliza mpaka mwisho, au nitaitikia "ee" kwa kila sentensi?